Mizani ya Sukhodilka

Kapteni Hordiy aliniletea ramani saa tisa usiku
na chai ndani ya kopo la nyama.
"Wewe ni mtoto wa huko. Paa hili ni la nini?"

Ghala la nafaka, nikamwambia.
Na hilo dogo ubavuni ni kibanda cha mizani.
Sikumwambia ni nani aliyepaka mlango wake rangi ya buluu,
wala kwamba buluu ile ilikaa kwenye kucha zangu
hadi shule zilipofunguliwa.

Baba alipima alizeti miaka thelathini na mmoja.
Lori likipanda, sindano ikitetemeka,
yeye alisubiri, mkono mfukoni,
kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia.
Mizani ile ilidanganya. Kilo arobaini, siku zote.
Kila mkulima alijua, na kila mkulima
alimdai baba kilo arobaini zake mbele za watu,
kisha wakacheka, wakanywa, yakaisha.
Tuliishi ndani ya kosa lile
kama panya aishivyo ukutani.

Roketi haina kilo arobaini.
Zimelala sita nyuma ya lori, kila moja na mrija wake,
na pua zao zinasikiliza nyota za kuundwa na watu.
Kilomita sitini na nane.
Hordiy anasema itaangukia meza unayoitaka,
mguu wa meza unaoutaka.
Zamani mizinga ilibahatisha:
ikapiga shamba, ikapiga mto, ikaua ng'ombe wa watu,
na mtu akapata pa kusemea, "Mungu hakupenda."
Sasa Mungu kapunguziwa kazi.

Nami siwezi kujitia ugeni.
Kabla ya vita nilikuwa mpima ardhi;
kwa nyota hizo hizo nilinyoosha njia za matrekta,
na mkulima alinigombeza kwa kosa la upana wa kiganja.

Juzi shangazi Paraska alipiga simu kutoka huko.
Akaongea habari za kabichi.
"Zimeingia kumi na moja usiku huu. Nzito.
Barabara imebonyea."
Kutoka mizani hadi dirisha lake
ni hatua mia mbili na sita.
Nilizihesabu nikiwa na miaka saba,
nikimpelekea baba supu, nikiimwaga njiani.

Basi mimi, binti wa mizani ya uongo,
niliyekuwa nikitetea makosa,
nikaiomba ile pua isikosee.
Nikasoma tarakimu mara mbili.
Nikasoma tena.

Sauti yake si mlio. Ni kitambaa cha anga
kinachochanwa upesi na mtu mwenye hasira.
Theluji iliyobaki kwenye miti ya kuzuia upepo ikapukutika.
Tulikuwa barabarani kabla moshi haujapinda,
dereva akila biskuti, taa zimezimwa,
kwa sababu upande wa pili nao wana ramani,
na wana binti wa mtu.

Ndipo nikakumbuka, kwenye matope ya Machi,
jambo ambalo Hordiy hakulitaja:
roketi inajua iendako,
lakini kilichomo ghalani hakina ramani.
Kikishika moto kinakwenda popote.

Siku mbili simu ilikuwa kimya.
Nilikula. Nililala, hata. Ajabu ya mwili.

Siku ya tatu:
"Kabichi zimeungua zote," akasema Paraska.
Hakusema zaidi juu ya kabichi.
"Kibanda hakipo. Madirisha yangu hayapo.
Ukija, siku utakayokuja, niletee kioo.
Shibiri sita kwa nne."

Shibiri za nani? nikauliza, kalamu mkononi.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia upepo ukipita ndani ya nyumba yake.

"Za marehemu baba yako. Ndiye aliyepima.
Halafu ongeza kidogo.
Unamjua."